Pointi Arobaini na Tano za Bwana Aldebrand

Jumamosi, 11 Januari

Nyuzi ishirini chini ya sifuri. Gari limegoma, limebembelezwa, limewaka. Nimefika kwenye ukumbi wa chini ya kanisa saa saba kamili, pua imekufa ganzi. Lakini tumeingia mlimani! Hatimaye! Miezi saba tumezungushwa kwenye vijiji vya kubuni tukifukuza mazimwi ya bei rahisi, na leo Marlys katufungulia mlango wa joka lenyewe.

Naandika kwa faida ya uzee wangu, nitakapokuwa nimesahau. Marlys Quamme, mpiga kinanda wa kanisa letu, ndiye msimulizi wa mchezo wetu wa Jumamosi, mchezo wa hadithi unaochezwa mezani. Anatuambia kuna nini mbele, sisi tunamwambia mashujaa wetu wanafanya nini, dadu zinaamua nani kaumia. Gordy Nygaard, dereva wa basi la shule, ni mwizi. Ardis Tollefson, mstaafu wa posta, ni mchawi. Mimi Verlyn Aaberg, wa duka la vifaa vya ujenzi, ni Bwana Aldebrand, shujaa mtakatifu. Deraya nyeupe. Upanga uliobarikiwa. Na mikono! Shujaa mtakatifu akimgusa majeruhi, anapona. Aldebrand ana pointi arobaini na tano za tiba kwa siku, anamgawia amtakaye, na alfajiri zinajaa upya. Miaka kumi na moja nimezigawa kama peremende.

Leo Marlys kavaa miwani yake na kututangazia kwamba ndani ya mlima hakuna kulala. Hakuna kulala, basi hakuna alfajiri. Hakuna alfajiri, basi hakuna kujaza. Arobaini na tano mpaka kwa joka, kwisha habari.

Nikageuza macho. Kwenye birika la kahawa Sal Fusco alikuwa ananitazama mimi. Si Gordy, si Ardis. Mimi! Sal ni fundi bomba, mtu wa New Jersey, kamuoa binti wa hapa Minnesota na kuhamia. Tangu mwaka juzi anasubiri nafasi mezani. Kila Jumamosi anakaa kwenye kigoda kilicho kando ya birika, anakunywa kahawa yetu, anaangalia nani anaelekea kufa. Maana Marlys anachukua wachezaji watatu tu. Zamani tulikuwa wanne, tukakwama kwenye mlango wa pango wiki mbili, kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia wewe. Kwa hiyo ni watatu, na shujaa wako akifa unampisha anayesubiri, kisha kigoda kinakuwa chako. Mara ya mwisho shujaa kufa hapa ilikuwa miaka minne iliyopita. Aliyeachiwa kigoda alichoka kusubiri, akahamia Arizona.

Kitu cha ajabu leo. Buibui kamng'ata mwizi wa Gordy. Nikajitolea kumwekea mikono. Gordy akasema aa, yuko sawa tu, ni mkwaruzo huu. Nikavuta pumzi nimwombe mara ya pili, kama inavyopasa, mara boila, mtambo wa maji ya moto unaolipasha kanisa joto, ikapiga kishindo, Sal akaenda kuipiga teke, sote tukaanza kuizungumzia boila. Tiba ikasahauliwa. Nimefika nyumbani, nimetazama karatasi yangu. Arobaini na tano! Haijapungua hata moja!

Jumapili, 12 Januari

Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza.

Hapa kwetu mtu hapokei kitu anapopewa mara ya kwanza. Hata mtoto anajua. Ya kwanza unakataa. Ya pili unakataa, lakini unakitupia jicho. Ya tatu unapokea huku unalalamika kwamba ni kingi mno. Ndiyo maana kipande cha mwisho cha keki hukatwa nusu, halafu nusu ya nusu, mpaka sahani inabaki na kitu cha ukubwa wa ukucha na hakuna anayekigusa.

Sasa. Shujaa mtakatifu ana kiapo. Lazima ajitolee kumponya mwenzake. Lakini kiapo hakisemi mara ngapi! Nimekisoma mara nne. Nikijitolea mara moja, Gordy atakataa. Ardis atakataa. Kiapo kimetimia, adabu imetimia, na pointi zote zinabaki mikononi mwa mwenyewe.

Naona kama nimegundua umeme.

Mtu akiisoma hii ataniona mchoyo. Sawa. Ila yeye hajui Jumatatu mpaka Ijumaa zangu. Nauza nati na bolti. Darlene aliniacha akahamia Fargo na yule muuza madirisha, mwaka wa sita sasa. Simu ikilia ni mtu anauliza kama tuna koleo za theluji. Jumamosi saa saba mchana naketi kwenye kile kiti, na watu watatu wananigeukia na kuniuliza, Verlyn, unafanya nini? Hakuna mahali pengine duniani ninapoulizwa hivyo. Siwezi kukipoteza kile kiti. Siwezi kabisa.

Jumanne, 14 Januari

Marlys kaja dukani kununua chumvi ya kuyeyushia barafu. Nimembebea mwenyewe mpaka garini. Nimeanza taratibu. Nimemwambia nina wasiwasi na mlima. Tukiendelea kukataliana na kubembelezana hivi, joka litakufa kwa uzee. Nikamkumbusha pigano la Novemba lililotakiwa kuwa la sekunde sita, Ardis na Gordy wakapeana blanketi la kichawi kwa dakika arobaini.

Akakubali kwamba lile lilikuwa refu kidogo.

Basi nikaiweka hoja yangu mezani. Ndani ya mlima, neno la kwanza ndilo neno. Ukisema ndiyo, ndiyo. Ukisema hapana, hapana, na hakuna kuulizwa tena. Haraka, safi, kama vita vya kweli.

Marlys akaipanga vizuri mifuko ya chumvi garini. Kisha akasema hilo si wazo baya. Si wazo baya! Kutoka kwa Marlys! Mume wake alipomposa alimjibu hivyohivyo, na wameoana miaka arobaini na nne.

Ataiita Kanuni ya Verlyn. Nimerudi dukani natembea kama niliyevaa deraya. Nimempa mteja punguzo bila kuombwa, baadaye nikajuta.

Jumamosi, 18 Januari

Inafanya kazi! Inafanya kazi kama saa!

Marlys katangaza Kanuni ya Verlyn. Ardis akasema ni jambo geni lakini atajitahidi. Gordy akasema hewala. Kutoka kwenye kigoda Sal akauliza kwani kabla ya hapo walikuwa wanafanyaje. Marlys akagawa dadu.

Chumba cha kwanza, nyoka. Mwizi wa Gordy kaumwa mguuni, sumu inapanda. Kuondoa sumu ni pointi tano tu. Nikainua mkono kwa utukufu, nikasema Gordy, Bwana Aldebrand yuko tayari kukuwekea mikono. Gordy, uso mweupe, akasema: "Aa, usijisumbue, Verlyn. Sumu yenyewe ndogo."

Marlys akagonga meza. Neno la kwanza! Tukaendelea. Gordy akachechemea vyumba vitatu, kila chumba pointi za uhai zinamtoka, na hizo zikiisha shujaa anakufa.

Chumba cha tano, mitego ya moto. Mchawi wa Ardis kaungua mikono yote miwili. Nikajitolea. Ardis akaniambia nimwangalie kwanza Gordy, yeye mkono ukiungua ni kama umepikia tu. Neno la kwanza! Nikamgeukia Gordy. Gordy akasema mwangalie kwanza Ardis. Neno la kwanza! Dakika moja, wawili, bure!

Sal akashindwa kujizuia. Akasimama na kikombe chake.

"Jamani! Huyu amebakiwa na pointi mbili! Mbili! Kaka, anakupa, chukua! Nyinyi watu mna nini?"

Ardis akamwambia kwa upole kwamba kahawa ipo nyingine kama anataka. Hapa kwetu hiyo ni kofi.

Mwisho wa mchezo Gordy kafungua sanduku la mifupa, kakuta chupa ya dawa ya uhai. Kubwa! Mtu akiinywa anajaa kabisa, hata kama kabakiza pumzi moja. Gordy kaitia kwenye mkoba wake. Sasa tuna tiba aina mbili: yake na yangu. Nikafanya hesabu ya haraka kichwani ni ipi itumike kwanza. Yake.

Kwenye maegesho Ardis alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake. Nikamsaidia. Akasema, bila kunitazama, kwamba kule kwenye moto alidhani labda ningemuuliza tena kidogo. Nikamwambia kanuni ni kanuni. Akasema ndiyo, bila shaka. Nikaona haya. Ilidumu mpaka gari langu lilipopata joto.

Jumapili, 19 Januari

Kahawa baada ya ibada. Sahani ya keki za limau za Ardis, imebaki moja. Tumeizunguka watu tisa. Imekatwa nusu, imekatwa tena. Akaja Sal. Mke wa mchungaji akamwambia karibu, chukua. Sal akasema asante, akachukua vyote vilivyobaki, akala akiwa amesimama palepale. Mara ya kwanza! Bila hata kupepesa jicho! Mzee Ingvald ilibidi akae.

Halafu Sal akanijia, ana unga wa sukari kwenye masharubu. Akaniuliza nimebakiwa na pointi ngapi za uhai. Nikamwambia sabini na moja, na nyingine arobaini na tano za tiba, na afya yangu ni njema, asante kwa kuuliza. Akacheka. Akasema ananiombea maisha marefu, lakini mgongo wake na kile kigoda havipatani.

Mtu anakuambia hivyo usoni! Hapa tungesema nyuma ya mgongo, kama watu wastaarabu.

Jumatano, 22 Januari

Sal kaja dukani. Anataka vali ya boila ya kanisa, ile ya zamani inavuja. Ninayo moja stoo, nimeiona kwa macho yangu. Nikapata wazo kubwa. Nimemwambia imekwisha, itafika Jumatatu. Asipokuwa na vali itabidi ahangaike na boila Jumamosi nzima, akiwa chini ya mabomba, mbali na kigoda, mbali na pointi zangu. Nitapigana na joka bila jicho lake kisogoni.

Sal akasema poa, akanunua utepe wa kuzibia, akaondoka. Hata hakuniuliza mara mbili. Nimeificha vali nyuma ya makopo ya rangi ya kijani ambayo hayanunuliwi na mtu.

Jumamosi, 25 Januari

Sijui nianzie wapi. Naandika na koti mwilini.

Boila ilikuwa imezimika kabisa. Bila vali Sal hakuwa na la kufanya, kwa hiyo alikuja mapema kuliko siku zote, akakaa kwenye kigoda akiwa na blanketi na mto wa kukalia. Chini ya kanisa kulikuwa kama ndani ya friji. Marlys alisimulia huku moshi wa baridi unamtoka mdomoni, ikalifaa joka. Sisi tulicheza na glavu.

Joka! Mungu wangu, Marlys alivyolisimulia! Kubwa kama ghala refu la nafaka, magamba meusi, macho kama taa za treni. Pumzi yake ya kwanza ikatukumba wote. Mwizi wa Gordy akajificha nyuma ya nguzo, akaponea chupuchupu. Mchawi wa Ardis akabakiwa na kumi na moja. Bwana Aldebrand alikuwa mbele kabisa, kwa sababu ya utukufu. Kutoka sabini na moja mpaka tisa! Kwenye meza ya Marlys sifuri ni kifo, hakuna kuzimia, hakuna kuinuliwa.

Zamu yangu. Watu watatu wakanigeukia. Verlyn, unafanya nini?

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, nijiwekee mikono mwenyewe, pointi zote arobaini na tano, niwe mzima, lakini zamu imekwenda na upanga umelala. Ya pili, nipige. Na hapo ndipo akili yangu ikafanya kazi, bahati mbaya. Baada yangu ni zamu ya Gordy. Gordy ana chupa kubwa. Gordy ni mtu mwema, anapeleka watoto wa watu shule kwenye theluji miaka ishirini na mbili, hawezi kuniacha nife. Atanipa chupa. Kwa nini nile vyangu wakati cha jirani kinakaribia kupakuliwa?

Nikapiga. Nikarusha dadu na glavu, ikanata kwenye sufu, ikaanguka kama jiwe. Mbili. Upanga uliobarikiwa ukakata hewa iliyobarikiwa.

Si kitu. Nikamtazama Gordy. Gordy akanitazama. Akatoa chupa, maana yake alinyanyua kikombe chake cha kahawa ili tuelewe, akaninyooshea juu ya meza. Akasema:

"Verlyn, chukua. Kunywa hii."

Na mdomo wangu, mdomo huu uliolelewa na Mama Aaberg na shangazi zangu wanne, ukasema:

"Aa, hapana, Gordy. Niko sawa tu. Baki nayo mwenyewe."

Nilisikia bomba likitoa tone. Nikangoja. Gordy akafungua mdomo aniulize tena. Alifungua, niliona, Mungu ambariki! Marlys akainua kidole. Hakufurahi, nitasema hivyo. Alinitazama jinsi anavyomtazama mwanakwaya aliyekosea mbele ya watu.

Akasema pole sana. Kanuni ya Verlyn.

Nikasema nilikuwa natania. Nikasema lile halikuwa neno, ilikuwa salamu. Nikasema hata kwenye vita vya kweli mtu huulizwa. Marlys akauliza kama nilisema hapana au sikusema. Sal, kutoka kwenye kigoda, akasema kasema, wote tumesikia.

Zamu ya joka. Marlys akarusha dadu nane, akazijumlisha polepole kwa kidole, huenda alikuwa anatafuta kosa. Thelathini na nne. Mimi nilikuwa na tisa.

Bwana Aldebrand kafa. Miaka kumi na moja! Nilimchora mwenyewe ngao yake.

Ardis akavuta karatasi yangu ili aikunje, ndiyo desturi, shujaa aliyekufa hukunjiwa karatasi. Macho yake yakasimama kwenye kona ya chini, panapoandikwa tiba. Akauliza nilikuwa nimebakiwa na tiba kiasi gani. Nikasema arobaini na tano. Akauliza zote? Nikasema zote. Gordy akaangalia mguu wake, kana kwamba ule mguu wa mwizi wenye sumu ulikuwa wake. Kisha akasema basi, hilo ni jambo la aina yake.

Jambo la aina yake! Gordy! Miaka kumi na moja sijawahi kumsikia akimtukana mtu.

Nikainuka. Sal akaja na mto wake. Alikuwa na karatasi yake tayari, imekunjwa mfukoni tangu mwaka juzi, pembe zimelika. Na shujaa wake nani? Shujaa mtakatifu! Mdogo, pointi ishirini tu za tiba. Marlys akamwingiza kupitia ufa wa ukuta. Mimi nikaenda kwenye kigoda. Kina msumari.

Halafu nikaona kitu ambacho sitakisahau. Sal hakujitolea. Hakuuliza. Alimwambia Marlys: namgusa Ardis, pointi kumi. Ardis akaanza kusema aa, usijisu— Sal akasema nimeshakugusa, mama, umepona, mpige! Ardis akabaki mdomo wazi, kisha akacheka mpaka akalia, akairusha radi yake yote. Kisha Gordy: sumu tano, jeraha tano. Gordy hakuwahi hata kutikisa kichwa. Ishirini zikaisha kwa dakika moja. Joka likaanguka. Wote watatu wakasimama wakapiga kelele, na moshi wa pumzi zao ukapanda mpaka kwenye taa.

Nilitaka kupiga kelele nami. Nilikuwa nimeanza, halafu nikakumbuka niko kwenye kigoda, nikajifanya nakohoa.

Jumapili, 26 Januari

Sikwenda ibadani. Nimesema nina mafua.

Mchana Ardis na Gordy wamekuja. Kila mmoja kabeba bakuli lake la nyama ya kusaga na viazi vya tanuri, kama wanavyopelekewa watu waliofiwa. Hawakumtaja Aldebrand. Tulizungumza juu ya barafu ya ziwani, unene wake, na gari la nani limezama likipita juu yake mwaka huu. Wakaaga saa tisa. Wakaondoka saa kumi na robo, ndivyo tunavyoaga.

Pale mlangoni Ardis akaniambia mahali pangu panaonekana patupu, ingawa Sal amepakalia. Nilitaka kumwambia kuhusu ile mikono iliyoungua. Badala yake nikamwambia aendeshe polepole, kuna utelezi.

Nimekula bakuli la Gordy lote kwa mkupuo mmoja. Nimelia kidogo. Vitunguu, labda.

Jumatatu, 27 Januari

Nimempa Sal ile vali. Nimemwambia imefika asubuhi na mapema. Akaigeuza, akapangusa rangi ya kijani iliyokuwa kwenye kasha, akanitazama. Akasema ina vumbi sana kwa kitu kilichofika leo. Nikamwambia barabara ni mbaya.

Alhamisi, 30 Januari

Siku kubwa! Siku ya ushindi!

Duka nimelifunga kwa sababu ya theluji, niko nyumbani, saa nane mchana nasikia mlango. Sal Fusco, peke yake, theluji mpaka magotini. Nikamkaribisha kahawa, akapokea mara ya kwanza, nimeshamzoea. Hakuketi. Akaniambia moja kwa moja, ndivyo alivyo, kwamba Jumamosi aliniona kwenye kile kigoda na hakulala vizuri. Kwamba amefurahi sana, ameua joka, ameonja, inatosha. Alikaa miaka miwili kwenye kigoda, anaweza kukaa mingine. Marlys amekubali.

"Rudi mezani, Verlyn. Kiti chukua wewe. Kweli kabisa."

Niliona ile meza. Niliona watu watatu wakigeuka. Nilikitaka kile kiti hadi meno yakaniuma.

Nikasema: "Aa, hapana, Sal. Kiti ni chako sasa. Mimi niko sawa tu pale."

Na Sal, Sal wa New Jersey, mla keki, hakuondoka! Akakuna kichwa. Akaniuliza tena! Je, nina uhakika? Maana yeye anakiachia kiti kwa moyo mmoja, na wala halitamuuma. Mara ya pili! Nani kamfundisha? Nilisisimka mpaka vidoleni. Jamaa anakaribia kuwa mtu wa hapa!

Sasa, mtu mwingine, mtu mwenye tamaa, angevunjika pale. Angedaka kiti mkononi mwa mwenzake kama mbwa anavyodaka mfupa. Lakini mimi najua mambo yanavyokwenda. Nikatabasamu, nikakitupia kile kiti jicho, kwa maana ya kwamba nilitazama upande wa kanisa, nikasema hapana kabisa, Sal, sitaki kukusumbua.

Sal akashusha pumzi ndefu. Akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akanikamata mkono kwa mikono yake miwili, akasema Ardis alimwambia aulize mara moja tena ili awe na hakika, na sasa ana hakika, na mimi ni muungwana kuliko alivyodhani. Akasema Jumamosi ataniletea mto wa kigoda. Akamaliza kahawa, akatoka.

Mara mbili! Imebaki moja tu!

Nimesimama dirishani. Gari lake limetoka uani, limefika kona, limepinda kushoto kuelekea mjini. Kushoto ndiko kwenye nafasi ya kugeuzia gari, theluji ikiwa nyingi namna hii. Nimechemsha kahawa nyingine na kuandaa vikombe viwili. Nimeacha mlango bila kufunga, asije akapata tabu ya kugonga. Jibu ninalo tayari, nimelijaribu mbele ya kioo, linatoka vizuri: Haya basi, Sal, kama unasisitiza.